Nyawera Ilifundishwa Ningbo: Miaka ya Kazi ya Maman Eulalie Cibalonza

Jumamosi tarehe 29 Juni 2024, Chef de travaux, yaani mhadhiri, Eulalie Cibalonza anastaafu baada ya kuitumikia Institut Mwanga wa Ziwa, chuo chetu hapa Bukavu, kwa miaka thelathini na miwili na miezi minane. Ametimiza umri wa miaka sitini na mitano. Katika muda huo ameona wakurugenzi wakuu sita, vita viwili, na paa la jengo la pili likibebwa na upepo mara moja. Siku ile ya paa alimaliza somo kwanza, ndipo akawaruhusu wanafunzi watoke kutazama.

Mimi ninayeandika ni Pascal Mushagalusa, katibu wa masomo. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika wasifu wa kila aliyestaafu hapa, na mara zote imekuwa kazi nyepesi: unataja vyeo, unasimulia kichekesho kimoja, unashukuru. Huu umenichukua wiki tatu.

Alizaliwa Kalehe, mtoto wa nne wa katekista. Alifika kwetu Oktoba 1991 kufundisha barua za biashara, somo ambalo wanafunzi walilidharau kwa sababu halikuwa na hesabu. Chaki ya chuo ilipoisha, na iliisha mara nyingi, alitoa yake mkobani, imefungwa kwenye leso. Hakuwahi kuketi akifundisha. Aliyechelewa hakufukuzwa, aliambiwa asimame mbele na kusoma kwa sauti barua ya kuomba radhi kwa mteja, huku wenzake wakiwa ndio wateja wanaoamua kama ameeleweka.

Mtihani wake wa mwaka 1998 bado unasimuliwa. Aliwachukua wanafunzi ishirini na wanane hadi soko la Nyawera, akaagiza kila mmoja anunue kilo moja ya maharagwe kwa mama yule yule, mmoja baada ya mwingine, kisha arudi amwambie bei. Kijana aliyerudi na bei ya chini kuliko wote alijua amekuwa wa kwanza. Alipewa nne juu ya ishirini. Alipolalamika, Maman Eulalie alimjibu palepale, katikati ya magunia:

"Leo umeshinda, ni kweli. Kesho ukirudia hapa, huyu maman atakuangalia? Atakutengea maharagwe ya muzuri? Biashara haiko ya siku moja, mutoto wangu."

Kijana yule leo ana maduka matatu Uvira. Ameniandikia kwamba mama wa maharagwe alimkumbuka kwa miaka mingi, na hakumkumbuka kwa wema.

Mwaka 2009, akiwa na miaka hamsini, alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha biashara mjini Ningbo, China. Wengi wetu tulicheka. Alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote wa darasa lake, na hata kuliko mwalimu wake, Profesa Shen, ambaye alianza kumwita dada mkubwa na hakuacha tena.

Siku ya kwanza Profesa Shen aliingia darasani na sanduku la vitabu vya Kimarekani, akaliweka sakafuni. Aliwaambia kwamba kwa miaka ishirini vyuo vya biashara vya China vilifundisha kutoka katika sanduku kama lile. Mwanafunzi alimaliza akiweza kueleza kwa ufasaha shida za kampuni ya soda iliyo ng'ambo ya bahari, lakini hakuweza kuzungumza kwa dakika tano na mwenye kiwanda cha vifungo vya mashati kilichokuwa nyuma ya ukuta wa chuo. "Mwelekeo wetu wa kesho uko nyuma ya ukuta huo," alisema. "Nendeni mkaandike."

Maman Eulalie aliinua mkono. Aliuliza: na sisi tunaotoka kule vifungo vinakopelekwa, tuandike nini?

Profesa Shen alimwambia kwamba swali hilo hana jibu lake, na kwamba asidanganyike kulitafuta China. Hapa achukue namna ya kuandika, jibu alitafute kwao.

Alirudi Julai 2011 na sanduku moja la nguo na mawili ya madaftari. Akaanzisha kozi aliyoiita Biashara na China, na ndani ya miaka kumi na moja akaandika visa sitini na vinne vya kufundishia. Alizoea kuwatania wanafunzi wapya kwamba hivi si zile viza za pasipoti. Hivi vinapatikana bila kupanga foleni. Kila kisa kilimhusu mtu wa kweli wa huku kwetu: wauza viatu wa Kadutu, wakulima wa mpunga wa Luberizi walioletewa mashine ya kukoboa yenye maelezo ya Kichina tu, mnunuzi wa dhahabu wa Mwenga aliyepimiwa kwa mzani uliotengenezwa asikokujua. Kila kisa kilikuwa na kurasa nne, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kilikoma pale mwenyewe alipokwama. Yaliyotokea baadaye hakuyaandika kamwe. Aliyahifadhi kichwani, akayasema darasani baada ya wanafunzi kubishana hadi kuchoka.

Maneno machache ya Kichina aliyafundisha kwa njia yake. Wanafunzi waliposhindwa kupandisha na kushusha sauti, aliwageukia Washi, ambao lugha yao ni Mashi: "Banyinyi muko na bahati. Mashi inapanda na inashuka tangu mungali mugongoni ya mama. Mbona munaogopa?" Darasa zima lilipanda na kushuka kwa sauti moja, na mlinzi wa lango alidhani ni kwaya.

Kila alipomaliza kisa, alikituma kwa Profesa Shen. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema mwanafunzi mwema humwonyesha mwalimu kazi yake.

Sasa nafika mahali ambapo mkurugenzi mkuu wetu, Delphin Murhula, aliniomba nipite haraka. Nitapita polepole.

Mwaka 2022 chuo kile cha Ningbo, Profesa Shen akiwa tayari amestaafu, kilitupa ushirikiano. Kilileta skrini mbili kubwa, kompyuta thelathini na programu kamili ya masomo kwa njia ya mtandao. Lilikuwa jambo jema na hakuna aliyelikataa, hata Maman Eulalie. Alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini Murhula, kwa haraka ya kuwapendeza wageni, alipendekeza kwamba kozi zetu zote zinazogusa China zifutwe, ili wasije wakadhani tunawafundishia kazi yao. Hakuna mahali katika mkataba palipotaka hivyo. Niliusoma mkataba mara mbili. Nilijua.

Baraza lilikutana tarehe 7 Desemba 2022, watu saba mezani. Maman Eulalie alipewa ruhusa ya kusema, kwa kuwa kozi ilikuwa yake. Alisimama.

"Bandugu, mi naomba kitu moja tu," alisema. "Bale ba Ningbo balisoma vitabu ya bengine miaka makumi mbili. Kisha bakasema hapana, tusome soko yetu. Na sasa banyinyi munataka tuanze pale bale balianza? Tuchukue sanduku, wakati benye sanduku basha kuitupa?"

"Maman, dunia inaenda mbele," Murhula alimjibu. "Sisi tutabakia na maharagwe ya Nyawera?"

"Ndiyo, papa. Ju ile maharagwe njo tunakula."

Watu wawili walicheka. Kisha tukapiga kura. Mikono mitano ilipanda kuifuta kozi, na wa tano ulikuwa wangu. Nilijiambia kwamba skrini zitaleta wanafunzi, wanafunzi wataleta uhai wa chuo, na kozi moja si chuo. Huenda yote hayo ni kweli. Maman Eulalie alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayehesabu abiria. Akavaa koti lake akatoka.

Wiki iliyofuata chumba chake kiligeuzwa kuwa chumba cha skrini. Vibarua walitoa kabati lake la mbao na kuliweka uani, chini ya ukingo wa paa, likisubiri mahali. Ilikuwa Desemba, na mvua ya Bukavu ya Desemba mnaijua. Kabati lilikaa pale siku tisa. Yeye alikuwa Kalehe, amekwenda kumzika dada yake. Aliporudi alifungua mlango wa kabati, na karatasi zikatoka kama ugali uliochemka vibaya. Visa vinne tu vilisomeka. Nakala za kompyuta zilikuwa zimepotea mwaka mmoja kabla, kompyuta ya idara ilipoungua na hakuna aliyemsikiliza alipoomba nyingine.

Aliniuliza swali moja: "Pascal, weye unapita pale uani kila siku, ao hapana?"

Napita pale kila siku.

Kwa kuwa bado alikuwa na mwaka na nusu wa kazi, alipewa kazi ya kusimamia chumba cha skrini. Yaani kufungua mlango, kuangalia nyaya, kumwita fundi jenereta ikizimika, na kuandika majina ya waliohudhuria. Agizo, lililoandikwa na mimi na kutiwa saini na mkurugenzi, lilisema kwamba msimamizi wa chumba haongei wakati wa kipindi. Aliketi nyuma kabisa, karibu na soketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, aliketi wakati wa somo.

Tarehe 18 Oktoba 2023 mwalimu wa skrini alikuwa Profesa Gao, mwanamke kijana aliyesomea kwa Shen na ambaye Kifaransa chake ni cha polepole na kizuri. Alisema leo watasoma kisa kinachopendwa kuliko vyote chuoni kwao, kinachosomwa kila mwaka. Ukurasa wa Kichina ukatokea, naye akausoma kwa Kifaransa. Kichwa chake: Kitenge cha Martine. Chini yake: E. Cibalonza, Bukavu.

Kisha vichwa vikaanza kugeuka nyuma, kimoja kimoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Martine, mfanyabiashara wa vitenge wa Nyawera, alisafiri hadi Guangzhou na mchoro wake mwenyewe, akaagiza vitenge vichapwe. Kiwanda kikamchapia, lakini kikamuuzia mchoro ule ule mfanyabiashara wa Uvira, na mzigo wa yule ukafika wiki mbili mbele. Martine amekaa juu ya marobota yake, na kitenge chake kimeshajaa mjini. Afanye nini?

Wanafunzi walibishana. Profesa Gao aliwasikiliza, kisha akasema kwamba kisa hiki kina upungufu mmoja: mwandishi hakueleza mwisho wake. Wao kule hufundisha kwamba Martine angepaswa kusajili mchoro na kuweka kifungu katika mkataba. "Lakini mimi binafsi," alisema, "nimejiuliza miaka mingi alifanya nini kweli. Na sijui kama mwandishi bado yupo hai."

Mwanafunzi mmoja, Laurette Nshokano, alisimama. "Maman, sema," aliomba, akitazama nyuma. "Tafazali, Maman. Sema."

Maman Eulalie alisimama akiwa bado ameshika daftari la mahudhurio.

Alieleza, kwa Kifaransa, kwamba huku kwetu mwanamke haombi kitenge kwa rangi, anakiomba kwa jina. Yule wa Uvira alikuwa na kitambaa, hakuwa na jina. Martine aliwashonea nguo wanawake sita wa kwaya ya parokia yake, wakaingia nazo misa ya Pasaka, na alipoulizwa kitenge kile kinaitwaje, alijibu: Belle-mère Amecheka, yaani mama mkwe amecheka. Ndani ya mwezi mmoja wanawake walikuwa wakiingia hadi kwenye maduka ya yule wa Uvira wakiuliza kama anayo Belle-mère Amecheka, naye hakujua wanataka nini. Aliwajibu hana. Walitoka wakaja Nyawera kwa Martine.

Darasa lilipiga kelele za furaha. Profesa Gao alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Nani anasema?" aliuliza.

"Njo mwenyewe!" walijibu watu thelathini kwa pamoja.

Na Profesa Gao, kilomita zaidi ya elfu kumi kutoka hapa, aliinuka kitini, akainama mbele ya kamera, akabaki ameinama hadi Maman Eulalie alipomwambia akae.

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi aliniita. Niliandika barua ya kumtaka Maman Eulalie ajieleze ndani ya saa arobaini na nane kwa nini amevuruga kipindi cha mshirika. Niliichapa mimi, nikaipeleka mimi. Aliisoma amesimama mlangoni mwa chumba cha skrini. Jibu lake, lililo katika faili lake hadi leo, lina mstari mmoja: "Niliulizwa swali na mwalimu, nami nilikuwa na jibu."

Baada ya siku kumi Profesa Gao aliandika akiomba afundishe pamoja na Maman Eulalie, mmoja huko, mmoja hapa. Murhula alinisomea jibu la kuchapa: tunashukuru, lakini mhusika hana shahada ya udaktari na anakaribia kustaafu. Nilichapa hilo pia. Maman Eulalie hakuonyeshwa barua ya Gao wala jibu letu. Anazisoma leo hapa pamoja nanyi, isipokuwa kwamba mimi nilimwambia mwezi uliopita, na nitaeleza.

Machi mwaka huu Ningbo ilitutumia waraka kuhusu mwelekeo mpya wa mafunzo yao. Kuanzia mwaka ujao, kila chuo mshirika kitachangia visa kumi kila mwaka kutoka katika soko lake lenyewe, vilivyoandikwa na walimu wake wenyewe. Chuo kisichoweza, mkataba wake hautaongezwa. Waraka unasema kwamba siku zijazo biashara ya China na Afrika haiwezi kufundishwa kutoka upande mmoja wa bahari. Murhula aliusoma mbele ya baraza kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Mezani palikuwa na watu saba wenye shahada, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kisa.

Nilitumwa kwake nyumbani. Nilimkuta anamenya viazi na binamu yake Aimée kwenye baraza. Nilimweleza haja ya chuo. Na kwa sababu sikuweza kuomba bila kwanza kukiri, nilimweleza kuhusu barua ya Gao na jibu letu. Aimée aliacha kumenya. Maman Eulalie hakuacha.

"Munataka nini sasa?" aliuliza.

"Bile visa, Maman. Hata kumi tu. Ao utuandikie bingine."

"Mi niko na ine. Ile ingine iliingiaka maji." Aliweka kiazi kwenye sufuria. "Muandikie Gao. Bile byote sitini na ine, bale ba Ningbo bako nabyo. Balibichunga."

"Kwa Kifaransa?"

"Kwa Kichina, Pascal. Balibitafsiri ju banafunzi babo basome. Ile ya Kifaransa, Shen alinirudishiaka, akasema njo original, ibakie kwetu. Nikaiweka mu kabati."

Nilimwomba aandike vipya, hata baada ya kustaafu, kwa heshima zote. Alikataa. Alisema mikono yake ni mizima na kichwa pia, lakini hataki.

Tuliandika Ningbo. Profesa Gao alituma vyote ndani ya saa moja, bila sharti, na ujumbe mfupi ulioonyesha kwamba hakuelewa kwa nini tunaviomba. Tangu Mei, Laurette na mwenzake Gentil, wenye Kichina cha miaka miwili, wanavirudisha katika Kifaransa neno kwa neno, kamusi mkononi. Martine kule ameitwa Mading, wakamtambua kwa kile kisa cha Gao. Nyawera imekuwa silabi nne ambazo hakuna aliyezitambua, hadi Laurette aliposoma kwa sauti. Mahali Maman Eulalie alipoandika kwamba mchuuzi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, sasa pameandikwa kwamba mchuuzi alikuwa na mdomo wa upande mmoja. Wamefika kisa cha kumi na saba. Wanapokwama humpigia simu mwenyewe, naye huwajibu, kwa sababu ni wanafunzi na wameuliza.

Mafanikio yake yanastahili kutajwa: wanafunzi zaidi ya elfu mbili na mia nne, visa sitini na vinne, kozi moja. Kozi itarudi Oktoba kwa jina jipya. Mwalimu wake bado hajapatikana.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu nilimpelekea aisome, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mstaafu mwingine. Mkurugenzi naye alikuwa ameisoma na kukata kurasa mbili. Nimezirudisha, na nimelipia uchapishaji wa toleo hili mwenyewe, kwa hiyo lawama ni kwangu. Maman Eulalie aliisoma yote kwa utulivu, miwani puani. Aliomba nifute neno moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa mwalimu mnyenyekevu.

"Futa ile," alisema. "Mi sikukuwa munyenyekevu. Balininyamazisha. Haiko kitu moja."

Nimelifuta.

Maman Eulalie, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Institut Mwanga wa Ziwa, asante kwa chaki, kwa maharagwe, kwa kutufundisha kuuliza mtu amekwama wapi kabla ya kumwambia la kufanya. Asante kwa kukubali kuja leo ingawa hukuwa na deni la kuja. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, na nyumba ya Kalehe isiyovuja. Na ikiwa hutatusamehe, tunakutakia hayo yote hivyo hivyo.

Pascal Mushagalusa
Katibu wa masomo